Siku Arobaini za Mzazi

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, alizikwa Rosine Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mumewe, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza. Mwezi Juni mwaka huo mumewe alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Mwezi Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike huku akiwa na homa kali, na baada ya siku chache akafariki. Mtoto naye akamfuata mama yake. Baba wa mtoto, aliyetakiwa kuwauguza wote wawili, alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyo hiyo.

Tunaposimulia jinsi Injili ilivyoingia Afrika Mashariki, kaburi hili hutajwa kuwa kaburi la mmisionari. Ni mara chache tunapokumbuka kwamba ni kaburi la mzazi. Kiswahili kina maana mbili za neno hilo. Mzazi ni baba au mama wa mtu yeyote, lakini katika nyumba nyingi, hasa za pwani, mzazi ni mwanamke aliyejifungua juzi, aliye bado chumbani na mtoto wake, ambaye watu huingia kwake kwa hodi ya sauti ya chini. Katika insha hii tunamzungumzia huyo. Tunataka kuuliza Kanisa limemfanyia nini mzazi katika historia yake, kwa sababu tunaona kwamba siku hizi tunamwacha peke yake, na hatuna udhuru wa kusema hatukuonyeshwa njia.

Tuanze na Maandiko. Walawi sura ya 12 inataja hesabu ya siku za mwanamke aliyezaa. Akizaa mtoto wa kiume, siku saba na nyingine thelathini na tatu, jumla arobaini. Akizaa wa kike, siku hizo ni mara mbili, yaani themanini. Siku zikitimia alipaswa kuleta mwana-kondoo na ndege mmoja, na asiyeweza kumpata mwana-kondoo alileta ndege wawili. Luka anatueleza kwamba Mariamu na Yusufu walipompeleka mtoto Yesu Yerusalemu walitoa sadaka ya ndege wawili. Mama wa Bwana wetu alipita katika siku zile kama mwanamke maskini wa Israeli.

Tusiilazimishe sheria hii iseme isichosema. Ni sheria ya ibada, inahusu damu na utakaso, wala haikuandikwa iwe likizo ya uzazi. Lakini mwanamke ambaye kwa siku arobaini hakuruhusiwa kwenda patakatifu alikuwa pia na siku arobaini ambazo hakuna aliyemdai patakatifu. Hapo ndipo njia mbili zinapogawanyika. Siku zile zinaweza kuwa ukuta unaomtenga mama, na zinaweza kuwa uzio unaomlinda. Historia ya Kanisa imezipita njia zote mbili.

Maandiko yenyewe yanatuonyesha pia watu waliomzunguka mzazi. Mariamu alikaa kwa Elisabeti yapata miezi mitatu, na Elisabeti alipozaa, majirani na jamaa walikuja kufurahi pamoja naye. Ruthu alipomzaa Obedi, wanawake wa jirani walikuwepo, wakampa mtoto jina, na Naomi akamchukua kifuani akawa mlezi wake. Ruthu alikuwa mgeni, tena Mmoabi, mama yake mzazi hakuwa karibu. Hata hivyo hakuachwa alee peke yake.

Ipo pia habari ambayo hatuihubiri mara nyingi. Katika 1 Samweli sura ya 4, mke wa Finehasi alishikwa na uchungu aliposikia kwamba sanduku la Mungu limetekwa na kwamba mkwewe na mumewe wamekufa. Wanawake waliosimama karibu naye walimwambia asiogope, kwa maana amezaa mtoto wa kiume. Hakujibu neno, wala hakuwajali. Walisema maneno mema, yale yale tunayoyasema sisi tukisimama kando ya kitanda: hongera, mtoto mzuri, mshukuru Mungu. Wakati mwingine maneno mema hayamfikii mtu, na kunyamaza kwake ndiko kunakotupasa kukusikiliza.

Kanisa la kale lilirithi swali la usafi. Wengine walifundisha kwamba mwanamke asiingie kanisani mpaka siku zake zitimie. Swali hilo liliulizwa na Augustino, mmisionari aliyetumwa Uingereza na kuwa askofu wa kwanza wa Canterbury. Bede, katika historia ya Kanisa aliyoimaliza mwaka 731, ametuhifadhia jibu la Papa Gregori. Gregori alisema kwamba hata mwanamke akiingia kanisani kumshukuru Mungu saa ile ile aliyojifungua, hatendi dhambi yoyote. Maumivu yake, alieleza, si hatia yake. Jibu hilo lina zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili katika vitabu vyetu, na bado wapo mama wanaoogopa kugusa mlango wa kanisa kabla ya arobaini.

Katika kanisa letu la Kianglikana swali lilirudi tena wakati wa Matengenezo. Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 kilikuwa na ibada iliyoitwa Utakaso wa Wanawake. Miaka mitatu baadaye, katika kitabu cha 1552, jina lilibadilishwa likawa Shukrani ya Wanawake baada ya Kuzaa. Ibada hiyo haikumtakasa tena mama kama mtu aliyechafuka. Ilimshukuru Mungu kwa kumwokoa katika hatari. Badiliko la jina linaweza kuonekana dogo, lakini lilibadilisha sababu ya mama kupiga magoti mbele ya meza ya Bwana.

Huko Uingereza, kabla ya siku ya shukrani hiyo, mama aliyekuwa na uwezo alikaa ndani karibu mwezi mmoja. Wanawake wa jirani walimhudumia, kazi zake zikafanywa na wengine, kisha mwezi ulipotimia wakamsindikiza kanisani na baadaye wakala pamoja. Ibada ya dakika chache ilikuwa mwisho wa huduma ya wiki kadhaa. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu wamisionari walipokuja kwetu walileta kitabu chenye sala, lakini wiki zile za huduma hazikuandikwa ndani yake. Hazikuhitaji kuandikwa, kwa kuwa kila mtu nyumbani kwao alizijua.

Wala hatukuhitaji kuletewa. Wazee wetu walizijua siku za mzazi kabla ya kukijua Kitabu cha Sala. Pwani, mzazi alitawa siku arobaini, akakandwa kwa maji ya moto na mtu mwenye mikono iliyozoea, akanyweshwa uji wenye pilipili manga. Kilimanjaro, mama wa Kichaga alikaa ndani miezi mitatu akilishwa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, na mama mkwe ndiye aliyesimamia. Kwa Wakikuyu aliletewa njahi na uji ili apate maziwa. Vyakula vilitofautiana, lakini kanuni ilikuwa moja: aliyezaa hapiki, hachoti maji, hachanji kuni, na halali peke yake nyumbani.

Hatusemi kwamba kila desturi ilikuwa njema. Zilikuwepo miiko iliyomnyima mama chakula alichokihitaji, na dawa zilizomdhuru mtoto. Aliyezaa mapacha, au mtoto aliyekufa, mahali pengine aliangaliwa kwa hofu badala ya huruma. Lakini ndani ya desturi hizo mlikuwa na maarifa yaliyostahili kubatizwa, yasitupwe. Baadhi ya wamisionari waliliona hilo. Bruno Gutmann, Mlutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Moshi, alifundisha kwamba Kanisa lijengwe juu ya vifungo ambavyo Mungu amekwisha kuwapa watu, yaani ukoo, ujirani na rika. Tunaweza kuyapima mafundisho yake kwa namna nyingi, lakini alikuwa ameona kwamba jirani ni zawadi ya Mungu kabla mchungaji hajafika.

Mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford kusini mwa Uingereza, mke wa kasisi aliitwa Mary Sumner. Binti yake mkubwa alikuwa amejifungua, naye Mary akakumbuka jinsi alivyoogopa yeye mwenyewe alipopewa mtoto wake wa kwanza mikononi, asijue la kufanya. Akawaalika akina mama wa kijiji nyumbani kwake, wake wa matajiri na wake wa wafanyakazi katika chumba kimoja, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile. Walipokusanyika alishikwa na woga, akashindwa kuzungumza, akawaomba waje tena wiki ijayo. Walikuja tena, naye akazungumza. Mwaka 1885 alisimama mbele ya umati wa wanawake katika mkutano wa Kanisa huko Portsmouth, na kutoka hapo chama kile cha kijiji kilianza kuenea katika dayosisi mbalimbali. Ndio Mothers' Union, ambao kwetu tumeuzoea kama Umoja wa Akina Mama.

Leo tunaujua Umoja huo kwa sare, nyimbo na mikutano yake, nasi tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini mwanzo wake ulikuwa mama mmoja kumwonea huruma binti yake aliyezaa, na kukiri mbele ya wenzake kwamba yeye pia aliogopa.

Afrika Mashariki huduma hii ilichukua sura ya hospitali. Huko Mengo, Kampala, daktari Albert Cook wa CMS alianzisha hospitali mwaka 1897. Mkewe, Katharine, aliyekuwa muuguzi, ndiye aliyesimamia mafunzo ya wakunga, na mwaka 1921 shule ya wakunga ilifunguliwa pale Namirembe. Wasichana wa Uganda walifundishwa na kupelekwa kwenye vituo vya uzazi vijijini. Makanisa mengine yalifanya vivyo hivyo Kenya na Tanganyika. Hatuwezi kuhesabu ni mama wangapi walio hai kwa sababu ya kazi hiyo. Kama Rosine Krapf angepata kinga na tiba ya malaria tuliyonayo leo, huenda habari yake ingekuwa nyingine.

Hata hivyo hospitali ina mpaka wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Hizo ni ziara, nazo ni muhimu sana. Katikati ya ziara moja na nyingine kuna usiku mwingi, na usiku huo si wa daktari. Zamani ulikuwa wa mama mkwe, wa shangazi, wa jirani. Siku hizi mama mkwe yuko kijijini na nauli haijapatikana, shangazi yuko kazini, na jirani wa nyumba ya kupanga hatumjui jina.

Hapa hatuna budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja wa kanisa letu alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mumewe alirudi kazini upesi, katika mkoa mwingine. Sisi tulikwenda kumwona siku ya tano. Tulikuwa tisa. Tulipeleka khanga, sabuni, na bahasha. Tuliimba, tukamwombea, tukapiga picha na mtoto, tukanywa chai. Chai hiyo aliipika yeye. Alisimama jikoni siku ya tano akatuchemshia maji, nasi tukamsifu kwamba ana nguvu. Kisha tukaondoka, tukaandika katika daftari kwamba mzazi ametembelewa, tukangoja arobaini zitimie aje kutoa shukrani.

Alikuja na shukrani yake. Baadaye sana, alipokwisha kupona, alitueleza habari za majuma yale. Alikuwa akilia usiku bila kujua sababu. Alimtazama mtoto asihisi kitu, kisha akajilaani kwa kutohisi. Ilifika mahali akaanza kuwaza kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye. Hakutuambia, kwa sababu alijua tungemjibu aombe zaidi, na kuomba alikuwa ameomba. Aliyemgundua ni muuguzi wa kliniki, siku ya kumpima mtoto uzito, aliyemuuliza mama naye anaendeleaje, kisha akangoja jibu. Alimpeleka kwa daktari, akatibiwa.

Ugonjwa ule unaitwa sonona baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata matatizo ya afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea kiwango hicho kinakaribia asilimia 20. Kwa hesabu hiyo, katika kila mama watano wanaoleta watoto wao mbele ya madhabahu zetu, yamkini mmoja amepita au anapita katika giza hilo. Si upungufu wa imani, wala si pepo, wala si ukosefu wa shukrani. Ni ugonjwa, na una tiba. Mke wa Finehasi hakujibu neno. Mama wa siku hizi hujibu kwamba hajambo, nasi tunaridhika.

Baba naye tusimsahau. Krapf alikuwa amelala mgonjwa huku mkewe akifa, na mara nyingi tunasimulia ujasiri wake tukapita upesi juu ya uchungu wake. Katika sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004, mama mwajiriwa hupewa likizo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na baba hupewa siku 3. Katika siku tatu hizo anatakiwa kulipa hospitali, kutafuta msaidizi, kuwapigia simu ndugu, na kujifunza kumbeba mtoto. Nasi kanisani tunampigia makofi tu. Hakuna mzee wa kanisa anayemketisha akamwambia kwamba kufua nepi si kupungukiwa uanaume, na kwamba mkewe akikasirika usiku wa manane hamchukii.

Kisha wapo wanaorudi kutoka hospitali mikono mitupu. Hawa hatuna ibada yao iliyozoeleka, kwa hiyo mara nyingi hatuendi kabisa. Maziwa yao yanatoka hata hivyo, na mwili wao unahitaji kupumzika kama wa mama mwingine yeyote. Yeye pia ni mzazi, na siku arobaini ni zake.

Hatuna haja ya kuanzisha chama kipya. Maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa, na makanisa mengine nayo yana vikundi vya nyumba kwa nyumba vya namna yake. Jumuiya ya kaya kumi au kumi na tano inatosha kumbeba mzazi mmoja kwa siku arobaini, kama kila kaya ikichukua siku tatu au nne. Anayekwenda apeleke chakula kilichokwisha kupikwa. Achote maji, afue, afagie. Amshike mtoto saa mbili mama alale. Asiende na watu tisa. Asipikiwe chai. Aulize kama mama anatokwa damu nyingi, kama ana homa, kama kichwa kinamuuma sana, na akisikia ndiyo asiombe kwanza, atafute usafiri, aombe wakiwa njiani. Aulize pia moyo wake ukoje, kisha anyamaze angoje, kama alivyongoja yule muuguzi. Na mama akitamka neno la kutaka kufa au kuogopa kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata saa moja mpaka afikishwe hospitali.

Katika kanisa letu tumeanza hivyo. Tulimwomba yule dada atusaidie kupanga zamu, akakubali. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba mgeni yeyote wa mzazi aje na chai yake kwenye chupa. Siku ya shukrani, mama anapopiga magoti mbele ya meza ya Bwana, waliokuwa na zamu husimama nyuma yake, na baba wa mtoto kando yake. Sala ni ile ile fupi. Wiki hii mzazi wetu yuko katika siku ya kumi na sita, na kesho zamu ni ya kaya ya mzee wa kanisa. Ameuliza kama uji wa wimbi unapikwa na maziwa au bila. Tumemwambia aende akamuulize mzazi mwenyewe.